Kabari za kuchuchumalia: tumezipima kama kiti

Kwenye boksi la kabari ya kuchuchumalia, yaani kile kipande chenye mteremko kinachonyanyua visigino vya anayechuchumaa, huwa kuna picha ya paja lililokakamaa na tangazo la kilo ngapi kabari hiyo inabeba. Vyote viwili havimhusu mtu anayetaka kuchuchumaa ili apumzike: anayesubiri, anayepiga soga, anayefunga kamba za viatu, anayepalilia au anayecheza na mtoto sakafuni. Huyu hana chuma begani. Ana uzito wake tu, na anachotaka kujua ni kama akikanyaga kitu hicho na kushuka chini atatulia. Dakika ya kwanza kabari zote hujibu ndiyo. Zinaanza kutofautiana dakika ya nne, na tathmini hii imeegemea hapo.

Kuchuchumaa tunakokusema ni kule kwa visigino chini, makalio yakining'inia karibu na visigino, mapaja yakigusa tumbo. Si mkao wa ajabu. Gordon Hewes, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyechapisha mwaka 1955 utafiti wake juu ya mikao ya binadamu duniani, alikadiria kwamba angalau robo ya watu wote hupumzika hivyo kwa mazoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu Wahadza wa Tanzania ulikuta kwamba wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na wakaa ofisini, ila takriban saa 2 kati ya hizo ni za kuchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu hufanya kazi zaidi katika mikao hiyo kuliko kwenye kiti. Kwa hiyo bidhaa hii haimfundishi mtu jambo jipya. Inaziba pengo la kifundo cha mguu kilichozoea viti na viatu vya kisigino, na inapaswa kuhukumiwa kwa namna inavyoliziba.

Ukubwa wa pengo lenyewe unapimika. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2006 vilionyesha kwamba katika kuchuchumaa visigino vikiwa chini, goti hujikunja kwa wastani wa nyuzi 154, nyonga 95, na kifundo cha mguu 39 hivi. Goti na nyonga za watu wengi hufika huko bila shida. Kifundo ndicho hukwama. Muundi usipoweza kulala mbele vya kutosha, makalio hubaki nyuma ya visigino, uzito unatoka nje ya unyayo, na mtu anaanguka chali. Akinyanyua visigino hatoanguka, lakini hapo amesimamia vidole: tafu zinafanya kazi, mizani inayumba, na hakuna mapumziko. Kabari hunyanyua kisigino na kukiacha kiegemee kitu kigumu. Ndiyo kazi yake yote.

Pima kabla ya kununua

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchagua mwinuko kwa macho. Vua viatu, simama ukiutazama ukuta, mguu mmoja mbele na unyayo wote ukiwa sakafuni. Kunja goti la mguu huo mpaka liguse ukuta, kisigino kisinyanyuke hata unene wa karatasi. Likigusa kirahisi, sogeza unyayo nyuma kidogo, rudia, mpaka ufike mahali goti linapogusa kwa tabu. Pima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ukutani. Kila sentimita 1 ni takriban nyuzi 3.6 za kujikunja kwa kifundo. Fanya miguu yote miwili, na utumie kipimo cha ule mgumu.

Ukipata sentimita 10 au zaidi, usinunue chochote. Unachokosa ni mazoea, na nguzo ya kushikilia inatosha. Sentimita 8 ni nyuzi 29 hivi, kwa hiyo pungufu lako ni kama nyuzi 10. Sentimita 5 ni nyuzi 18, pungufu ni 20 na ushee. Hata hivyo usinunue pungufu lote. Ukinyoosha mikono mbele na kuinamisha kifua, uzito husogea mbele na mahitaji ya kifundo hupungua. Mwenye pungufu la 20 huanza vizuri na kabari ya 15, na mwenye pungufu la 10 mara nyingi hutosheka na 7 au 8.

Kuna kipimo cha pili ambacho wauzaji hawakitaji kwa sababu kinaweza kuwaharibia mauzo. Lala chali, kumbatia magoti, yavute kifuani. Huko ndiko kuchuchumaa bila uzito na bila kifundo. Mapaja yakifika tumboni bila kinena kubana, tatizo lako ni kifundo na kabari itakusaidia. Kinena kikibana kabla ya hapo, au goti likikataa kufunga, kabari ya mwinuko wowote haitakupeleka chini. Itakusimamisha juu zaidi tu.

Na kabla ya kutoa pesa, weka kitabu kigumu cha unene wa sentimita 3 chini ya visigino, vidole vikiwa sakafuni. Kutoka kisigino hadi kifuu cha unyayo, yaani pale vidole vinapoanzia, ni kama sentimita 18 kwa mtu mzima wa wastani. Kunyanyua kisigino sentimita 3 ni sawa na nyuzi 10, sentimita 4.7 ni nyuzi 15, na sentimita 6 ni nyuzi 20. Kitabu kitakuambia mwinuko unaokufaa kwa usahihi kuliko maandishi ya boksi.

Ubao mmoja mpana wenye bawaba: nyota 2 kati ya 5

Huu ndio unaopigiwa debe kuliko zote. Vipande viwili vya plaiwudi au chipubodi vimeunganishwa kwa bawaba mbele, na nyuma kuna mguu unaoingia kwenye mifuo ya ngazi mbalimbali. Kwa mwenye kunyoosha tafu akiwa amesimama, unafaa. Kwa kuchuchumaa una kasoro tatu, na moja kati yake haitengenezeki.

Mifuo yenyewe ni ya kwanza. Ikiwa na kina kidogo, mguu wa nyuma huruka unapohamisha uzito kushuka, na ubao unalala ghafla. Kabla ya kuukanyaga, bonyeza kona zote nne kwa mkono. Ikicheza hata moja, utaisikia kifundoni kila ukivuta pumzi. Ya pili ni skrubu za bawaba. Kwenye chipubodi hazikai. Hulegea, tundu hupanuka, na kuzikaza upya ni kuahirisha tu. Plaiwudi ya milimita 18 inazishika. Angalia pia ngazi ya chini kabisa: ubao unaoanzia nyuzi 20 uache palepale, maana hauna pa kushukia ukianza kuzoea.

Kasoro isiyotengenezeka ni ya umbo. Anayechuchumaa kwa kupumzika hupanua miguu kufikia upana wa mabega na kugeuza vidole nje nyuzi 15 hadi 30, ili tumbo lipate nafasi katikati ya mapaja. Ubao mwingi una upana wa sentimita 30 hadi 35, kwa hiyo nyayo haziwezi hata kufika mahali pake. Na ubao ukiwa mpana vya kutosha, mteremko wake unakwenda mbele moja kwa moja huku unyayo ukielekea pembeni. Matokeo yake ni kwamba upande wa ndani wa unyayo unakuwa chini kuliko upande wa nje. Kwenye ubao wa nyuzi 20, ukigeuza vidole nje kwa nyuzi 30, unyayo unalalia ndani kwa karibu nyuzi 10. Goti hulifuata tao la unyayo, linaingia ndani, na mtu anahangaika kulisukuma nje kwa kiwiko bila kujua kwamba anashindana na ubao. Malalamiko mengi ya "kabari inaniumiza goti upande wa ndani" chanzo chake ni hiki. Ubao wa nyuzi 10 unapunguza kasoro hiyo hadi nyuzi 5, jambo ambalo magoti mengi huvumilia.

Kabari za sponji: nyota 1, au 3 kama ni ile ngumu

Sponji laini ni udanganyifu usiokusudiwa. Unapochuchumaa vizuri, sehemu kubwa ya uzito hukaa kisiginoni, na kisigino ndiko kabari ilikonenepa, yaani kwenye sponji nyingi zaidi ya kubonyea. Kabari iliyoandikwa nyuzi 15 ikibonyea sentimita 1.5 kisiginoni imeshakuwa ya nyuzi 10. Kama haibonyei sawasawa, mguu mmoja unakuwa chini ya mwenzake. Mbaya zaidi ni kuyumba: misuli midogo ya kifundo inasahihisha mizani muda wote, na baada ya dakika mbili mtu anainuka akidhani hana nguvu ya kuchuchumaa, kumbe amepoteza nguvu kwa kusimama juu ya godoro.

Ile ngumu, ya aina ya sponji iliyotengenezewa soli za kandambili, ni habari tofauti. Ijaribu kwa kidole gumba: bonyeza kwa nguvu zako zote sehemu nene. Ikiingia zaidi ya milimita 3, iache. Isipoingia, una kabari nyepesi, isiyoumiza kisigino chenye mfupa wa kuchongoka, na isiyokwaruza sakafu. Ubaya wake ni wepesi huohuo; kwenye vigae vyenye vumbi inateleza na mguu wako. Futa sakafu kwanza kwa kitambaa kibichi.

Jozi ya kabari mbili, mbao au raba ngumu: nyota 5 na nyota 4 na nusu

Hii ndiyo tunayoipendekeza. Kila unyayo una kabari yake, na kila kabari inageuzwa kufuata unyayo wake. Vidole vikitazama nje, mteremko nao unatazama nje, na ule ulalo wa ndani unatoweka. Upana wa kusimama unauamua wewe, si fundi. Ikiwa mguu mmoja ni mgumu kuliko mwingine unaweza hata kuongeza kipande chembamba chini ya kabari moja.

Raba ngumu ni nzito, haitelezi, haipasuki, na hainyonyi maji. Ina harufu kwa wiki kadhaa, na raba nyeusi huacha alama kwenye sakafu nyeupe. Weka gazeti chini. Mbao ni safi zaidi na haibonyei hata chembe, lakini uso wake ndio unaoamua kila kitu, na hapo tusimame kidogo.

Mteremko unakusukuma mbele. Kwenye nyuzi 10, nguvu inayotaka kukuteremsha ni kama asilimia 17 ya uzito wako. Kwenye nyuzi 20 ni asilimia 34, na kwenye 25 ni 42. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni kilo 12, kilo 24 na karibu kilo 30. Kilo hizo lazima zishikwe na kitu. Uso ukiwa mkavu na wenye ukakasi, ngozi ya unyayo inazishika bila wewe kujua. Uso ukiwa wa vanishi inayong'aa, vidole hujikunja kama makucha kuzishika, na baada ya dakika tatu nne unyayo unapata mkakamao wa misuli. Ukivaa viatu, vidole vinasukumwa hadi ncha ya kiatu na kucha ya kidole gumba ndiyo inayolipa. Ukivaa soksi juu ya vanishi, unashuka kama mtoto kwenye bembea ya kuteleza. Kwa hiyo miguu mitupu, uso wa kukwaruza kidogo. Karatasi ya msasa namba 120 iliyogandishwa kwa gundi inatosha. Namba 60 na 80 zinachubua.

Urefu nao una neno lake. Kabari fupi za sentimita 10 hadi 15, zinazoshika kisigino tu, zina sifa moja nzuri: vidole na kifuu cha unyayo viko sakafuni, kwa hiyo hakuna kuteleza. Lakini tao la unyayo linaning'inia hewani, na ukingo wa kabari unalichoma pale inapoishia. Kwa sekunde 30 haisumbui. Kwa mapumziko ya dakika tano tunataka kabari ya sentimita 26 hadi 30, yenye ukingo wa mbele usiozidi sentimita 1 ili vidole virefu vikitokeza viguse sakafu badala ya kuning'inia.

Namna ya kuitumia

Iweke karibu na kitu kisichong'oka: nguzo, mguu wa kitanda kizito, au mlango uliofunguliwa nusu, ukishika vitasa vya pande zote mbili. Kanyaga kisigino kwanza, nyuma kabisa, kisha lalaza unyayo. Shuka ukipeleka makalio katikati ya visigino badala ya kuyasukuma nyuma kama anayetafuta kiti. Kutafuta kiti ndiko kunakowaangusha wengi chali. Ukifika chini, achia mgongo upinde. Ushauri wa kunyoosha mgongo ni wa mwenye mzigo begani. Anayepumzika bila mzigo anauacha mgongo uning'inie, viwiko ndani ya magoti au juu yake, kifua kikiegemea mapaja. Ukiona bado unajishikilia kwa misuli ya mapaja, hujafika chini. Endelea kushuka mpaka paja likae juu ya tafu.

Anza na sekunde 30, mara nne au tano kwa siku. Ongeza hadi dakika 2 au 3 kwa mkupuo. Hakuna faida ya kung'ang'ania robo saa siku ya kwanza.

Kupunguza mwinuko ndiko kunakosahaulika. Kila baada ya wiki mbili au tatu rudia kipimo cha ukuta. Kikiongezeka sentimita nusu, shusha kisigino nusu sentimita, ambayo ni kama nyuzi 1.6. Lakini sikiliza mahali panapobana. Ukihisi mvuto nyuma, kwenye tafu na kano ya kisigino, hiyo ni misuli na itaachia kwa muda. Ukihisi kubanwa mbele, pale unyayo unapokutana na muundi, kuna uwezekano mkubwa kwamba mfupa umegusana na mfupa, na hakuna kunyoosha kutakakobadili hilo. Mtu huyo aitumie kabari maisha yake yote kama wengine wanavyotumia miwani.

Yanayoharibika mwilini, na sababu zake

Ganzi ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu haiumi. Nyuma ya goti, upande wa nje, kuna neva inayozunguka kichwa cha mfupa mwembamba wa muundi karibu kabisa na ngozi. Kuchuchumaa kwa muda mrefu bila kubadili mkao huibana. Imewapata wavunaji wa matunda ya chini kiasi kwamba madaktari wameupa ugonjwa huo jina la kazi yao, kupooza kwa mchuma stroberi. Dalili ya kwanza ni ganzi upande wa nje wa muundi na juu ya unyayo. Ukiisikia, inuka papo hapo. Anayeipuuza kwa saa nyingi anaweza kuinuka akakuta unyayo haunyanyuki, vidole vinaburuta chini anapotembea, na kupona huchukua wiki au miezi.

Kizunguzungu cha kuinuka kina dawa rahisi. Mkao huu hubana mishipa ya miguu na kuongeza ukinzani wa damu mwilini. Ndiyo maana watoto wenye kasoro ya moyo iitwayo tetralojia ya Fallot huchuchumaa wenyewe, bila kufundishwa, wakiishiwa pumzi, kwani ukinzani huo hulazimisha damu nyingi zaidi ipite mapafuni. Ukisimama ghafla, mishipa inafunguka kwa mpigo na shinikizo la damu linashuka. Inua makalio kwanza, kichwa kikiwa bado chini na mikono juu ya mapaja, hesabu hadi tano, ndipo usimame. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa amwone daktari kabla ya kununua kifaa hiki.

Kuhusu magoti, ukweli uko katikati ya wanaotishia na wanaosifu. Utafiti uliofanywa Beijing na kuchapishwa mwaka 2004 ulihusisha kuchuchumaa kwa saa nyingi kila siku ujanani na kuchakaa kwa goti uzeeni. Tunazungumzia saa, si dakika. Dakika 10 au 15 kwa siku kwa vipande ni mambo mengine. Lakini mwenye nyonga au goti la bandia, au aliyechanika gegedu la goti, asijaribu bila ruhusa ya aliyemtibu.

Vibadala viwili

Viatu vya kunyanyulia vyuma vina kisigino kigumu kilichoinuliwa milimita 15 hadi 20 hivi, sawa na nyuzi 5 au 6. Kama pungufu lako ni dogo na tayari unavyo, vinatosha. Viatu vya kukimbilia vina mwinuko mdogo zaidi na soli laini, kwa hiyo vinarithi matatizo ya sponji.

Kigoda cha kuwekea miguu chooni, kile cha kuzunguka mguu wa choo cha kukaa, mara nyingi huuzwa rafu moja na kabari na kwa maneno yaleyale, lakini ni bidhaa nyingine kabisa. Sababu ya kuwepo kwake ni msuli unaolikunja utumbo mpana mwishoni kama mpira wa maji uliopindwa. Katika uchunguzi mdogo wa mwaka 2010, wenye watu 6 tu, pembe ya mkunjo huo ilikuwa nyuzi 100 kwa aliyekaa na 126, yaani iliyonyooka zaidi, kwa aliyechuchumaa. Kukaa huku nyonga zimekunjwa zaidi kulitoa 99, yaani hakukubadilisha kitu. Hapo wauzaji hunyamaza. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2019 uliowapa watu 52 vigoda kwa wiki nne ulikuta asilimia 71 wakisema wanamaliza haraka na asilimia 90 wakisema wanajikamua kidogo. Na katika jaribio la mwaka 2003 lenye watu 28, wastani wa muda ulikuwa sekunde 51 kwa kuchuchumaa, 114 kwenye choo kifupi cha kukaa, na 130 kwenye kirefu. Hukumu yetu: kigoda kinasaidia wengi, ila hakikuchuchumazishi.

Choo cha kawaida kina urefu wa sentimita 40 hadi 43. Kigoda cha sentimita 18 kinatosha hapo. Cha 23 ni cha vyoo virefu au cha aliyezoea. Kirefu kupita kiasi kinainua mapaja kutoka kwenye kiti, uzito wote unabaki kwenye mfupa wa makalio, na miguu inakufa ganzi. Chagua chenye mwanya mpana mbele ili kisigonge choo, chenye raba chini ya miguu yake yote minne, na kisicho na pembe za ndani za kushika uchafu. Inamia mbele, viwiko juu ya mapaja. Asiyekuwa na kigoda asipande juu ya ukingo wa choo cha kukaa: kaure haikutengenezwa kubeba mtu pembeni, na ikipasuka hukata kama kisu.

Kabari ya msumeno mmoja

Mshindani mkubwa wa bidhaa zote hizi ni kipande cha mbao ya mbili kwa nne isiyorandwa, yenye unene wa sentimita 5 na upana wa 10. Kata urefu wa sentimita 30. Kwenye ubavu wenye sentimita 30 kwa 5, piga mstari kutoka kona hadi kona iliyo kinyume, kisha mpe seremala mwenye msumeno wa mkanda apasue kwa mstari huo. Zinatoka kabari mbili zilizo sawa, kila moja na upana wa sentimita 10 na mwinuko wa nyuzi 9 na nusu, ambao ni mwinuko unaowafaa wengi. Mwenye unyayo mpana atumie mbao ya mbili kwa sita. Chagua kipande kisicho na fundo, maana mstari ukipita kwenye fundo ncha nyembamba inamomonyoka. Hata bila fundo, ikate sentimita 2 za mwisho na ulainishe ukingo kwa msasa. Chini gandisha ukanda wa tyubu ya baiskeli kwa gundi ya viatu, usiupige misumari, kwa sababu vichwa vya misumari ndivyo vitakavyogusa sakafu badala ya raba. Juu gandisha msasa namba 120, acha gundi ikauke usiku mzima, na uubadilishe ukianza kung'aa mahali kisigino kinapokaa.